Aliyekunywa Maji ya Rejeta

Zulia la gari lilikuwa limelowa upande wa abiria, na gari lenyewe lilikuwa halijatoka bandani kwa miaka sita.

Kitinda aliliona hilo saa sita na nusu mchana, alipokwenda kumwita baba yake aje kula. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, karani wa mahakama mwenye miwani na sauti ya kunyoosha foleni, lakini nyumbani alibaki kuwa Kitinda tu, kitinda mimba wa watoto watatu. Wenzake walikuwa wameoa na kuolewa wakatawanyika, yeye akabaki na mzee. Banda lilikuwa nyuma ya nyumba, matofali na bati, na ndani yake mlikuwa na sedani ya kijani iliyomzidi Kitinda umri. Ilifunikwa turubai tangu siku mama yake alipofia ndani yake.

Siku hiyo turubai lilikuwa limevuliwa. Mzee alikaa kwenye kiti cha dereva, mlango wazi, mikono kwenye usukani, kama mtu anayesubiri taa ziruhusu. Mlikuwa na harufu tamu ya kukirihi, kama sukari iliyoungulia chini ya sufuria.

"Baba, chakula kinapoa."

"Nakuja."

Kitinda akainama, akaligusa zulia. Vidole vikarudi na maji ya kijani yanayoteleza. Yalikuwa ya uvuguvugu, na injini haijawashwa.

"Umemwaga kitu humu?"

"Jana nilijaza rejeta," mzee akasema. "Yule mnunuzi anataka kulisikia likinguruma."

Mnunuzi alikuwa mtu wa kukusanya magari ya zamani. Alikuja juma lililopita, akalizunguka gari mara tatu kama mtu anayechumbia, akasema atalichukua, ila kwa sharti moja: pale linapovuja maji pajulikane na pazibwe. Kwamba linavuja, hakuna asiyejua. Ndivyo mama alivyokufa. Lakini kwa nini lilivuja, hilo alilijua Kitinda peke yake.

Fundi akaja kesho yake. Watu walimwita Fundi Sikio, kwa sababu hakuyaamini macho. Alikuwa akiweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini na mpini wake sikioni, akafumba macho, kisha akakutajia ugonjwa kama daktari.

"Gari halisemi uongo, dada," alimwambia Kitinda akivua saa yake. "Wenye magari ndio kazi yao."

Alianza na hita, ile rejeta ndogo inayokaa nyuma ya dashibodi kupasha joto miguu ya abiria. Zulia likilowa upande ule, alisema, mwizi huwa ni hita, hana haja hata ya kushtakiwa. Akalala kifudifudi, akaingiza mkono hadi kwapani, akapapasa. Alipotoka uso ulikuwa umemkunjamana.

"Mabomba ya hita yalishang'olewa zamani, matundu yakazibwa kwa risasi iliyoyeyushwa. Maji hayafiki huku kabisa." Akalitazama zulia. "Sasa haya yamepita wapi?"

Akaingia chini ya gari na tochi. Kitinda alikuwa ndiyo kwanza anatoka jikoni na trei ya chai, na mzee amesimama akishikilia bawa la mlango.

"Haya, huyu hapa!" sauti ya fundi ikatoka chini. "Klampu inayobana mpira wa chini wa rejeta. Imelegezwa."

"Imelegea?" mzee akauliza.

"Imelegezwa, mzee wangu. Kichwa cha skrubu kimechubuka, na mchubuko wenyewe una kutu ya miaka. Bisibisi haichubui hivi. Hiki ni kisu cha jikoni."

Kitinda akaitua trei sakafuni, akaanza kumimina chai.

"Basi ni mimi," mzee akasema polepole. "Nilikuwa nikilitengeneza mwenyewe siku zile. Nililegeza nikasahau kukaza. Nani mwingine? Ni mimi."

Kitinda akafungua mdomo. Maneno yote yalikuwa pale, miaka sita yalikuwa pale nyuma ya meno, yamejipanga.

"Chai inapoa," akasema.

Miaka sita nyuma macho ya mzee yalikuwa yameanza kumwacha. Aligonga nguzo ya geti akasema nguzo imesogea. Akakosea breki nje ya nyumba ya jirani, mtoto wa watu akaponea kwenye mtaro. Watoto wake walimsihi aache kuendesha, wakamnunia, wakaficha funguo. Alizipata kila mara. "Macho yangu ni mazima," alisema. "Ninyi ndio mnaoniona mzee." Ndipo Kitinda alipochukua kisu cha kumenyea, akaingia bandani, akalegeza klampu ile mizunguko miwili tu. Aliwaza maji yatapungua kidogo kidogo, mshale wa joto utapanda, mzee atauona, atarudi nyumbani, fundi fulani atasema gari limezeeka, na yote yatakwisha bila ugomvi.

Hakuwaza kwamba asiyeiona nguzo hauoni mshale.

Siku ya tatu, yeye akiwa kazini, mama alibanwa kifua. Mzee akampakia kuelekea hospitali. Kwenye kilima kirefu kisicho na nyumba, jua likiwa utosini, injini ikachemka ikazima. Hakupita mtu. Garini mlikuwa na chupa moja ya maji, maji ya mama ya kunywa, na mzee akayamimina yote kwenye rejeta, akilipiga gari makofi na kulilia: "Kunywa! Kunywa, chochote unachotaka nitakupa, tufikishe tu!" Gari halikufika. Mama aliomba maji mara mbili. Hayakuwepo.

Mzee aliyasimulia hayo siku ya mazishi, mara moja, mbele ya watoto wake wote, akamalizia: "Sikukagua maji. Nimemwua mama yenu." Na Kitinda alimshika mkono akamwambia, "Usijilaumu, baba."

Fundi Sikio alifunga klampu mpya, akajaza maji, akafunga pampu yake ya kupimia presha kwenye mdomo wa rejeta, akasukuma mpaka mshale ukasimama panapotakiwa. Akatandika magazeti chini ya gari lote ili tone lolote lijionyeshe.

"Sasa tungoje. Panapovuja patasema penyewe."

Mshale ukatulia kidogo, kisha ukashuka. Ukasimama. Ukashuka tena. Fundi akachungulia chini: magazeti makavu. Akapitisha kidole kila mpira, kila kiungo, akachomoa kijiti cha oili kuona kama maji yameingilia huko. Oili ilikuwa safi. Akachukua bisibisi yake, akaiweka juu ya injini iliyopoa, akafumba macho. Akayafumbua haraka.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini, "hebu sikiliza wewe. Huenda masikio yangu yamezeeka."

Kitinda akaweka mpini sikioni, na mwanzoni hakusikia kitu ila damu yake mwenyewe, kisha kutoka ndani kabisa ya chuma, mahali ambapo hapakuwa na moto wala mzunguko wowote, akasikia funda likishuka kwa mlio wa gubu, halafu pumzi ndefu ya mtu aliyeshusha kikombe, halafu funda jingine, gubu, na kila funda lilipopita mshale wa pampu ulishuka, na lilipofika funda la saba au la nane yule aliyekuwa akinywa akaacha, kama mtu anayehisi kuwa anatazamwa.

Akaitupa bisibisi.

"Nimesikia maji yakichemka, nimesikia maji yakivuja," Fundi Sikio akanong'ona, huku akirudisha spana zake mkobani bila kuzipanga. "Lile ni koo. Mimi sifungui koo la mtu kwa spana."

Kuanzia siku hiyo mzee akashikwa na kiu. Alimaliza jagi kabla ya chai, akamaliza la pili, akawa anajichotea ndooni kwa kopo. Na kadiri alivyokunywa ndivyo alivyokauka. Midomo ilipasuka. Ngozi ya mikono ikawa kama karatasi ya kufungia sukari. Ukiifinya inabaki imesimama. Daktari akapima damu, akapima mkojo uliopatikana kwa taabu, akatikisa kichwa: sukari hakuna, figo nzima. "Anywe maji," akashauri, na Kitinda alicheka kicheko kibaya kilichomshtua yeye mwenyewe.

Kila siku saa sita, mzee alichukua ndoo akaenda bandani akafunga mlango. Siku ya tano Kitinda akaomba ruhusa kazini, akarudi mapema, akasogea hadi ubavuni mwa banda ambako ubao mmoja wa mlango ulikuwa umepinda. Bati lilikuwa linalia kwa jua. Ile harufu tamu ilikuwa imejaa hadi nje.

"Kunywa, mama watoto," alimsikia baba yake akisema kwa upole ambao Kitinda hakuusikia tangu utotoni. "Kunywa polepole. Yapo mengi. Leo yapo."

Kitinda akaweka jicho kwenye ufa, akamwona mzee kwenye kiti chake, amegeukia upande wa abiria ambako hapakuwa na mtu, ila kiti kilikuwa kimebonyea kama kinavyobonyea kwa mtu mzima, na mzee alikuwa ameinua kikombe hewani, amekiinamisha kama unavyomnywesha mgonjwa, na maji yalikuwa yakitoka mdomoni mwa kikombe kwa mkondo mwembamba unaong'aa, yakishuka kiasi cha shubiri moja, kisha yakitoweka, bila tone moja kufika kitini, na kila yalipotoweka shingo ya mzee ilizidi kunywea na mishipa yake ikajitokeza, mpaka Kitinda akaelewa kwamba yale ya kikombe yalikuwa ya kuonekana tu, na kwamba yanayonyweka hasa yalikuwa yanatoka kwa baba yake.

Mzee akageuza kichwa kuelekea ufa. Macho yake yalikuwa maangavu, yanaona vizuri kabisa.

"Mwenye kisu," ikasema sauti iliyo kavu kama changarawe, wala si ya mzee, wala si ya mama. "Karibu. Nyuma kuna nafasi."

Hakukumbuka alivyofika kwa Fundi Sikio. Fundi alifunga karakana saa nane mchana akamvusha barabara mbili hadi kwenye chumba cha ushonaji, kwa mwanamke mnene mwenye futi ya kupimia shingoni na pini midomoni. Mtaa mzima ulimwita Mama Vifungo. Asubuhi alishona sare za shule. Mchana, wakimfuata, alitoa majini. Kwa kazi zote mbili alikuwa na ukali uleule.

Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kukanyaga cherehani, kisha akatema pini kiganjani.

"Huyo jini alikaribishwa?"

"Baba alisema kunywa. Pale kilimani."

"Na majuzi alipojaza rejeta alisema tena?"

"Sijui. Nadhani alisema."

"Jini aliyevamia namtoa kwa fimbo. Jini aliyekaribishwa ni mgeni, mwanangu. Hatoki mpaka mwenye nyumba mwenyewe amwambie basi." Akamtazama Kitinda juu ya miwani. "Na baba yako hawezi kusema basi, kwa sababu anaona anastahili kunywewa. Anajua ana kosa. Ni kosa lake kweli?"

Fundi Sikio akaanza kutazama dari.

"Sio lake," Kitinda akasema.

"Basi usiniambie mimi," Mama Vifungo akasema. "Si mimi niliyefiwa."

Waliingia bandani kesho yake saa sita. Mzee alikuwa tayari kitini, mwembamba kiasi kwamba usukani ulionekana mkubwa. Mama Vifungo alikaa kiti cha nyuma, akashika mabega ya mzee kwa mikono yote miwili kama anayempima koti, akaanza kusoma dua kwa sauti ya chini. Fundi Sikio alisimama mlangoni, hataki kuingia, hataki kuondoka. Kitinda alichuchumaa nje ya mlango wa dereva, kwenye saruji.

Kichwa cha mzee kikaanguka kifuani. Kikainuka.

"Mnanisumbua wakati wa kunywa," ikasema ile sauti.

"Umekunywa vya kutosha," Mama Vifungo akasema. "Ulitoka wapi?"

"Nilikuwa kwenye mawe yangu pale kilimani. Hakuna aliyewahi kuniita. Akaja huyu, akamimina maji, akasema kunywa, chochote nitakupa. Nikanywa ya gari. Nikanywa ya mwanamke. Yakaisha, nikalala. Majuzi akanimiminia tena kwa maneno yaleyale, nikaamka. Sasa nakunywa yake."

"Alikuita akiwa na msiba. Mwito wa msiba si mwito."

"Aliniita kwa sababu. Na sababu imechuchumaa hapo chini." Uso wa mzee ukamgeukia Kitinda, midomo iliyopasuka ikatabasamu. "Nisikilize, binti, nikupe shauri zuri. Huyu amebakiwa na siku mbili, labda tatu. Mimi najua kunyamaza kuliko mtu yeyote. Ninyamaze, nimalize, naye atakufa mikononi mwako akikubariki. Hakuna atakayejua. Au useme, apone, akutazame kila siku atakayoishi. Chagua."

Bati likalia mara moja. Na Kitinda, Mungu amsamehe, alichagua kunyamaza. Kwa muda wa pumzi mbili au tatu alichagua kunyamaza. Aliyaona mazishi, akaona mkono wa baba yake ukimbariki, na moyo wake ukatulia kwa namna iliyomtia aibu baadaye kila alipoikumbuka. Kisha akaona kidole gumba cha mzee kwenye usukani. Kilikuwa kikisugua ngozi ya usukani mbele na nyuma, kama mtoto anayejibembeleza peke yake.

"Baba," akasema.

"Sema na babako," Mama Vifungo akaamrisha. "Usiseme na huyo."

"Baba, klampu niliilegeza mimi. Kwa kisu cha kumenyea. Nilitaka usiendeshe, nikaogopa kukwambia, nikaona heri gari liseme. Hukusahau kitu. Maji yalikuwepo, mimi ndiye niliyeyamwaga. Miaka sita nakusikia ukijiita mwuaji na nanyamaza. Majuzi fundi alionyesha alama, nikasema chai inapoa. Sio wewe, baba. Sio wewe, ni mimi."

Ile sauti ikaanza kucheka, ikakatika katikati. Macho ya mzee yakafifia, yakarudi yale ya ukungu, yanayopapasa. Walidhani amekwisha.

Kisha akageukia kiti cha abiria.

"Basi," akasema kwa sauti yake mwenyewe, chakavu. "Sikukuita wewe. Nilikuwa namwita yeyote. Maji yangu yameisha. Toka."

Boneti ikaruka. Rejeta iliyopoa ikapiga yowe kama birika, mvuke ukatoka mweupe, mtamu, ukajaza banda hadi hawakuonana, na ndani ya mvuke kitu kikapita kati yao, kirefu, kikavu, kikimparuza Kitinda shavuni kama mchanga, kikampita Fundi Sikio mlangoni akaanguka chali. Mbwa wa mtaa mzima wakabweka kwa mpigo mmoja, wakanyamaza. Mvuke ulipokwisha, kiti cha abiria kilikuwa kimeinuka, na zulia lake lilikuwa kavu hadi limekakamaa.

"Ametoka kwa mzee," Mama Vifungo akasema, akijifuta jasho kwa kanga. "Alikokwenda sikumwuliza, na wewe usimwulize."

Mzee aliomba maji. Akanywa kikombe kimoja, akabakiza. Kitinda akanyoosha mkono kumsaidia kushuka. Mzee akaukwepa, akashika bega la Mama Vifungo.

Juma lile mnunuzi alileta lori akalibeba gari, na fundi wake alisema halivuji hata tone. Juma lililofuata kaka mkubwa alikuja na gari lake, akapakia nguo na redio ya mzee. Mzee mwenyewe ndiye aliyemwita. Hakumkaripia Kitinda, hakumlaani, hakumsemesha. Alimpita varandani kama anavyopitwa mgeni wa jirani.

Kitinda alikaa miezi mitatu peke yake na nyumba. Mwezi wa nne wifi yake akampigia simu: "Njoo Jumapili. Hajasema uje, lakini nimemwuliza, na hajasema usije."

Akaenda. Mzee alikuwa amenenepa kidogo, amekaa barazani, uso umeelekea uani. Kitinda akaamkia. Mzee akaitikia. Wakakaa. Wifi akaleta matunda, akaondoka haraka kama mtu aliyeacha kitu jikoni.

"Asubuhi ile ulimwona kabla hujaenda kazini?" mzee akauliza ghafla. "Mama yako."

"Nilimwona."

"Mimi sikumwona." Mzee akapangusa magoti yake ambayo hayakuwa na vumbi. "Macho yalikuwa yameshaniisha, Kitinda. Kabla ya siku ile. Pale kilimani nilisikia sauti yake tu. Nilimtazama mpaka mwisho na uso wake ulikuwa ukungu." Akamgeukia Kitinda. "Alikuwa amevaa nini?"

Kitinda akasogea karibu naye.

"Gauni la bluu, baba. Lile la mikono mirefu. Alikuwa amefunga kilemba vibaya, nikamcheka, akasema nisimcheleweshe, aende akakuamshe."

"Nywele zimetokea?"

"Zimetokea huku, upande wa sikio. Nyeupe."

Mzee alifumba macho, akaegemeza kichwa ukutani.

"Endelea," akasema.